Njiwa shingo-shaba chini ya mlima: uchambuzi wa taarifa moja kutoka uwanda wa Kilimanjaro

Taarifa iliyoletwa ilikuwa fupi na ilijiamini mno: njiwa shingo-shaba dume, mmoja, ameonekana katika msitu wa chemchemi kusini mwa Mlima Kilimanjaro, kwenye mwinuko wa takriban mita 750, akila kuyu katikati ya kundi la ninga. Ilikuwa wakati wa kipupwe. Waliomwona ni wawili, mkulima wa mpunga ambaye shamba lake linapakana na msitu huo na kijana anayeongoza watalii kutoka Moshi mjini, na ushahidi wao ulikuwa ukurasa mmoja wa daftari, picha tatu zilizopigwa kwa simu kupitia kioo cha darubini, na video ya sekunde chache. Jina la kijiji silitaji kwa makusudi, kwa kuwa vijana wa pale wana manati na ninga kwao ni kitoweo.

Kwa asiyewafuatilia ndege wa milimani, taarifa hiyo haina la ajabu. Njiwa ana mabawa, mlima unaonekana kutoka shambani, na umbali kati ya msitu wa mlimani na mikuyu ile ni safari isiyozidi nusu saa kwa njiwa arukaye sawasawa. Lakini njiwa shingo-shaba, ambaye jina lake la kisayansi ni Columba delegorguei kwa kumbukumbu ya Mfaransa Adulphe Delegorgue aliyemwelezea mwaka 1847, ni ndege wa msitu uliofunga, tena wa vilele vya miti. Ametawanyika vipande vipande kutoka Sudan Kusini hadi Afrika Kusini, na hapa Tanzania wanaomtafuta humfuata Usambara, Uluguru na miteremko ya Kilimanjaro yenyewe, ambako mara nyingi husikika kabla ya kuonekana, au husikika tu. Chini ya msitu wa Kilimanjaro, kuanzia kwenye mita 1,800 hivi kushuka hadi karibu 1,000, kuna vihamba vya Wachaga, yaani migomba na kahawa chini ya kivuli cha mringaringa, mruka na msesewe, kisha ndipo uwanda unapoanza. Aliyeonekana kwenye mita 750 alikuwa amevipita vihamba vyote. Kinachohojiwa hapa basi si uwezo wake wa kufika bali mazoea yake, na ndiyo maana taarifa ya namna hii inastahili kupimwa kwa mizani nzito kuliko ile ya ndege yuleyule akiwa kwake.

Nilianza na daftari. Maelezo ya kijana yalisomeka hivi: njiwa mweusi-kijivu, mkubwa kidogo kuliko ninga, ukosi mweupe nyuma ya shingo, mdomo wa kijivu, miguu myekundu, yuko juu kabisa ya mkuyu. Ni maelezo mazuri, karibu yanafanana neno kwa neno na mwongozo wowote wa ndege wa Afrika Mashariki, na hapo ndipo shaka ilipoingia. Maneno “ukosi mweupe nyuma ya shingo” yalikuwa yameandikwa kwa kalamu nyingine, juu ya mstari, kwa herufi ndogo zilizobanwa ili zipate nafasi. Yaliyobaki yote yalikuwa ya wino wa bluu, hayo ya wino mweusi. Kijana alipoulizwa hakuficha. Aliyaongeza usiku, baada ya kufungua kitabu na kuona kwamba dume ana ukosi mpana mweupe, akakumbuka kwamba njiwa alipogeuka kuna kitu kilimeremeta shingoni.

Mzee mwenye shamba, kwa upande wake, alisema hakuona weupe wowote. Alichokiona yeye ni kwamba kichwa cha njiwa yule kilikuwa na rangi ya kutu, na kwamba hakuwa amewahi kumwona kwenye mikuyu ile ambayo huiangalia kila inapozaa. Kauli yake haikuandikwa daftarini, kwa sababu kijana alidhani rangi ya kutu ni kivuli cha majani makavu. “Mzee, huenda macho yamekudanganya kidogo,” ndivyo alivyomwambia siku ile kwa adabu zote, na mzee akanyamaza.

Ukosi wa dume wa njiwa shingo-shaba si alama ya kubahatisha. Ni mkanda mpana, mweupe wa kweli, unaozunguka nusu ya nyuma ya shingo, na mwanga ukiwa mbaya huonekana wazi zaidi kwa sababu sehemu nyingine zote za mwili ni za kijivu kizito. Mtu akimtazama kwa mbele anaweza asiuone, lakini kwa nyuma na kwa ubavu haukosekani. Sasa, katika picha ya pili njiwa amewapa mgongo wapiga picha na kugeuza kichwa upande wa kushoto, kisogo chote kinaonekana, na hakuna mkanda. Katika video, iliyosimamishwa na kutazamwa hatua kwa hatua, kuna sehemu ndogo sana ya sekunde ambapo upande wa shingo unang'aa karibu na weupe, halafu hapohapo unageuka kuwa kijani na waridi. Huo ni mng'ao wa manyoya, ambao rangi yake haitokani na wino uliomo ndani ya unyoya bali na namna mwanga unavyovunjika juu yake, na kwa hiyo hubadilika kila pembe inapobadilika. Kamera ya simu, inapozidiwa na jua, huugeuza kuwa doa jeupe. Ukosi halisi haupotei ndege akigeuza shingo kidogo.

Hivyo alama iliyoifanya taarifa iaminike ndiyo iliyopaswa kuondolewa kwanza. Wengi wangeishia hapo, wakasema dai limeanguka, na ndege ni njiwa wa mjini aliyepotea njia. Nadhani huo nao ni uvivu. Dai lililopambwa kwa alama isiyokuwapo linaweza kuwa sahihi kwa sababu nyingine, na kazi ya mchambuzi ni kuuliza kama kilichobaki baada ya kuondoa pambo kinaweza kusimama chenyewe.

Kilichobaki, kwa kweli, kilikuwa na udhaifu ambao hakuna aliyeutaja. Mdomo wa kijivu na miguu myekundu, alama mbili ambazo kijana alizitegemea sana kumwondoa njiwa madoa, Columba arquatrix, ni alama zilezile za njiwa wa kawaida wa mjini. Njiwa huyo, ambaye yuko kwenye mapaa ya masoko, misikiti na makanisa kote Moshi, huja katika rangi nyingi, na mojawapo ni ile ya kijivu cheusi mwili mzima, bila milia bawani na bila weupe kiunoni, huku shingo ikimeta kijani na zambarau. Mweke njiwa wa namna hiyo juu ya mti dhidi ya anga jeupe la asubuhi ya kipupwe, na maelezo ya daftari, ukiacha yale ya wino mweusi, yatamtosha kabisa. Programu ya simu ambayo kijana aliiulizia picha ya kwanza ilimpa jibu hilohilo, na ingawa yeye aliidharau, swali ililoliibua lilikuwa la haki.

Picha ya kwanza haisaidii lolote. Imepigwa kutoka chini, anga liko nyuma, na kila njiwa duniani ni mweusi katika picha ya aina hiyo. Ya pili ndiyo yenye mzigo. Ukiipunguza mwangaza na kuikuza, utosi na kisogo cha ndege vina rangi ya hudhurungi iliyoelekea kutu, yenye mpaka unaoonekana kati yake na mgongo wa kijivu kilichoiva, na paji la uso limepauka kidogo kuelekea kijivu. Njiwa wa mjini mwenye rangi ya kutu yupo, lakini kwa kawaida kutu hiyo humwenea mwilini au mabawani, haiishii kichwani na kuuacha mgongo ukiwa kijivu kisafi. Zaidi ya hapo, kwenye kitako cha mdomo hakuna kile kinundu cheupe kilicho juu ya matundu ya pua ya njiwa wa mjini aliyekomaa, ambacho hata picha mbovu hukionyesha kama tone la chokaa. Mdomo wa ndege huyu ni mwembamba, wa kijivu, na ncha yake imepauka. Jicho linaonekana jeusi, lisilo na rangi ya chungwa, ingawa hilo silipi uzito mkubwa kwa picha iliyopita kwenye vioo viwili.

Rangi peke yake isingenitosha. Majani ya mkuyu huchuja mwanga na kuutia ukijani, kamera hujaribu kuurekebisha kwa kuongeza wekundu, na kichwa cha kijivu kinaweza kutoka hapo kikiwa cha hudhurungi bila ndege kuhusika. Jambo lililonishawishi ni kwamba katika picha hiyohiyo kuna ninga ambaye kichwa chake kimebaki kijani kilekile wanachokijua wote, na kipande cha gome la mkuyu ambacho kimebaki na umanjano wake uliofifia. Kama kamera ingekuwa imetia wekundu, ingeutia kote. Na kauli ya mzee kuhusu kichwa chenye rangi ya kutu ilitolewa papo hapo chini ya mti, kabla ya kitabu kufunguliwa. Kauli iliyopuuzwa shambani ndiyo ikawa ushahidi wenye nguvu kuliko wote, kwa kuwa jike wa njiwa shingo-shaba hana ukosi mweupe hata kidogo. Kitambulisho chake ni hicho kichwa cha hudhurungi, pamoja na mng'ao hafifu kisogoni na pembeni mwa shingo.

Picha ya tatu iko nje ya fokasi, lakini ina faida moja kubwa: njiwa na ninga wamekaa kwenye tawi moja, karibu kugusana, kwa umbali uleule kutoka kwa kamera. Ninga ana urefu wa sentimita 25 hadi 30 hivi. Njiwa yule amemzidi kidogo tu, na sehemu ya ziada iko mkiani, si kifuani. Njiwa madoa hufikia sentimita 37 hadi 40, na akikaa kando ya ninga humfanya aonekane kifaranga. Huyu ndiye mshindani ambaye wengi wangemfikiria kwanza, kwa sababu naye ni wa msitu wa mlimani, ni wa kawaida zaidi, na anajulikana kwa kuhama umbali mrefu akifuata matunda. Mkubwa aliyekomaa hana utata, kwani mdomo, miguu na ngozi inayozunguka jicho vyote ni vya manjano makali, na kifua kimenyunyiziwa madoa meupe. Hatari iko kwa kinda lake, ambaye manjano yake hufifia na madoa yake huwa machache. Lakini hata kinda akishaweza kuruka kutoka mlimani hadi uwandani amekwisha kupata mwili mkubwa wa wazazi wake, na tawi lile halikuwa na ndege mkubwa.

Tetere mkubwa mwenye macho mekundu, Streptopelia semitorquata, alihitaji kuangaliwa kwa sababu ndiye mwenyeji halisi wa mahali pale, ana urefu unaokaribiana na wa njiwa shingo-shaba, na kinda lake linaweza kukosa ule mkanda mweusi wa shingoni. Aliondolewa na video. Njiwa aliporuka alitanua mkia kuelekea kamera, nao ulikuwa wa rangi moja ya kijivu kizito kutoka kiunoni hadi ncha, pasipo kile kipande kilichopauka kwenye ncha ambacho tetere huyo hukionyesha kila anaporuka. Chini ya bawa pia palikuwa pa giza. Hilo la bawa linamgusa tena njiwa wa mjini, ambaye kwa kawaida ana weupe chini ya bawa, ila nakiri kwamba wale weusi kabisa huwa na kijivu, kwa hiyo ni kuni ya ziada tu kwenye moto uliokwisha kuwaka.

Wengine waliondoka haraka. Pugi wa msituni mwenye tumbo jeupe hafanani. Columba larvata, njiwa mdogo wa sakafu ya msitu, ana uso mweupe na hutafuta chakula ardhini penye majani makavu, haning'inii kwenye vikuyu vya juu. Jamaa wa magharibi, Columba iriditorques, ambaye jike wake naye ana hudhurungi kichwani, anaishi kuanzia magharibi mwa Uganda kuelekea Kongo na Afrika Magharibi, na mkia wake una ncha iliyopauka. Mkia uleule wa video unamfungia mlango hata kabla ya kufikiria ramani. Inafaa mpangilio uwe huo. Anayeanza kwa kusema “huyu haishi huku” hawezi kuitumia hoja hiyo kumwondoa mmoja, kisha akaisahau anapomkaribisha mwingine ambaye naye haishi huku.

Kuhusu sauti, kijana alisikitika kwamba njiwa hakulia, na akauliza kama hilo linapunguza uzito wa taarifa. Halipunguzi. Mlio wa njiwa shingo-shaba, mfululizo wa “huu, huu, huu” unaoanza taratibu kisha ukashuka na kuharakisha mwishoni, ni wa dume aliye kwake. Ndege anayekuja kula mahali pa ugenini ana sababu chache za kuutoa. Rekodi zake zinapatikana bure katika maktaba ya sauti ya Xeno-canto, na kijana alikuwa tayari kurudi na spika ili amwite. Nilimshauri asifanye hivyo: dume angejibu au asingejibu, jike asingesema neno, na katika hali zote tatu tusingepata kitu kipya isipokuwa kundi zima kushtuka.

Mwenendo wake kwenye video, kwa upande mwingine, ulisema mengi. Alitembea juu ya kitawi chembamba, akajinyoosha kichwa chini, akachuma kuyu moja na kulimeza zima, kisha akatulia bila kutikisika huku ninga wakipigana kando yake. Njiwa wa mjini hupenda kula chini, kwenye punje na makombo. Anaweza kutua mtini, ila kuchuma tunda kwa mtindo huo si kazi yake ya kila siku.

Swali la kwa nini alishuka lina majibu yanayoelekeana, wala silazimiki kuchagua moja. Ndege hawa hufuata matunda, na matunda ya msituni hayaivi yote kwa pamoja; kipupwe huwashusha ndege wengi wa milimani Tanzania; na vihamba, kwa miti yake mirefu ya kivuli, si jangwa kwa ndege wa vilele bali ni njia yenye vituo. Pia si lazima awe ametoka Kilimanjaro. Kusini-mashariki iko Milima ya Pare, na njiwa hana alama mwilini inayotaja mlima wake. Anayeandika kwamba “ameshuka kutoka Kilimanjaro” ameongeza dhana kwenye taarifa kwa namna ileile ya wino mweusi.

Palibaki suala la mahali pa kuiweka taarifa. Njiwa shingo-shaba si mgeni kwa nchi, kwa hiyo si jambo la kamati ya ndege adimu wa Afrika Mashariki. Inafaa kwenda kwenye Atlasi ya Ndege wa Tanzania, lakini hapa kuna mtego ambao waangalizi wengi hawauoni. Ramani ya atlasi hupangwa kwa miraba ya nusu digrii, na mraba mmoja una upande wa takriban kilomita 55. Katika pande hizi, mraba mmoja unaweza kumeza msitu wa mlimani, vihamba na mashamba ya mpunga kwa pamoja. Nukta ikiwekwa, itaangukia mahali ambapo tayari pana nukta, na ugeni wote wa tukio utatoweka. Vivyo hivyo katika eBird, hifadhi ya mtandaoni ya taarifa za waangalizi wa ndege, kichujio kinachotumika kwa mkoa mzima kinaweza kumpitisha ndege huyu bila kuuliza, kwa kuwa mkoa una mlima. Ugeni wake ni wa mwinuko, wala si wa longitudo, na usipoandikwa kwa maneno hakuna ramani itakayoukumbuka. Ndiyo sababu niliomba maelezo yataje mita, aina ya msitu, mti, tunda, na ndege aliokuwa nao.

Daftari halikufutwa wala kuandikwa upya. Maneno ya wino mweusi yaliachwa yalivyo, pembeni pakaongezwa kwamba picha na video haziyaungi mkono, na kauli ya mzee kuhusu kichwa chenye rangi ya kutu ikaingizwa chini ya jina lake, ikielezwa kwamba ilitolewa papo hapo. Uamuzi ukawa njiwa shingo-shaba, mmoja, asiye na ukosi.

Kijana aliridhika na jina lakini akabishana kuhusu jinsia, kwani kama si dume basi ni jike, na safu ya fomu inasubiri kujazwa. Hoja yake ilikuwa na mantiki, ila dume mchanga ambaye bado hajatoa ukosi hufanana na jike, na mng'ao ule wa kisogoni unaelekeza zaidi kwa jike aliyekomaa bila kulifunga suala. Safu ya jinsia ikaachwa wazi, na kwenye safu ya umri pakaandikwa “si dume kamili”.